Mapimpi, mimi na ile fomu ya kazi

Leo naomba unisamehe, sichongi habari za mapenzi wala za wale kina kaka wa mjini wanaovaa miwani ya jua usiku. Wiki hii nataka tuongee raga. Ndiyo, raga, ule mchezo wa mibaba mizima kukumbatiana ikigombea mpira wenye umbo la papai. Najua wengine mmeshaanza kufunua ukurasa unaofuata. Subirini kwanza. Habari yenyewe inaanzia kwenye fomu ya kazi, na humo ndani kuna msiba, kuna mtoto wa mfalme na kuna chupi.

Iko hivi. Mimi ni kijana wa kidato cha nne, na cheti changu siyo cha kuning'iniza ukutani. Safu hii nalipwa kwa kipande: wiki nikiandika nakula, wiki mhariri akinikaushia nashindia chai. Kwa hiyo mwezi uliopita niliposikia kuna ghala moja kule Barabara ya Pugu wanatafuta vijana wa kuhesabu mizigo, sikulaza damu. Nikavaa shati langu la sikukuu, nikaenda. Nikapewa fomu ya kurasa tatu.

Kurasa mbili nilizimaliza haraka haraka. Ya tatu ikanitaka niandike watu wawili wa karibu, wa kupigiwa simu endapo nitapatwa na tatizo kazini. Hapo kalamu ikagoma. Mama alifariki mwaka 2016 nikiwa kidato cha tatu. Baba kwangu ni habari ya kusimuliwa. Tumbo la mama nilitoka peke yangu. Kuna shangazi yuko Tabora, lakini tangu tumalize arobaini ya mama hatujajuliana hali, na namba yake niliyonayo nikipiga anapokea mtu mwingine kabisa.

Nikakaa pale, nikakaa, nyuma yangu foleni inaguna. Mwisho nikaandika jina langu na namba yangu ya simu. Mstari wa pili nao nikarudia vilevile.

Dada wa mapokezi akaisoma, akaniangalia juu ya miwani. "We kaka, ukiangukiwa na boksi humu ndani tukupigie wewe mwenyewe?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Akanirudishia fomu, akasema nikaijaze vizuri niilete Jumatatu. Nikaikunja, nikaitia mfuko wa nyuma, nikatoka. Na huwezi kuamini, aliyenijia kichwani njia nzima pale kwenye daladala hakuwa mama wala shangazi. Alikuwa winga wa Afrika Kusini, Makazole Mapimpi. Nitakufikisha kwake, tulia.

Mtaani kwetu Temeke kuna kibanda umiza kimoja, kiingilio jero. Mwenye kibanda ni bro mmoja aliyewahi kuhangaika Durban miaka sita. Alirudi na begi moja na ugonjwa wa raga. Rimoti ni yake, dishi ni lake, utafanyaje? Kabla mechi za soka hazijaanza yeye anakuwekea raga, upende usipende. Mimi nilianza kwa kutopenda. Nilikuwa naingia pale kwa sababu nyumba niliyopanga ni chumba kimoja chenye bati lisilo na dari, na mchana mle ndani unaiva kama mkate.

Yeye ndiye aliyenifundisha. "Dogo, timu ni watu kumi na tano. Hawa wanane wa mbele wasio na shingo kazi yao ni kubeba magunia. Wale saba wa nyuma, namba 9 mpaka 15, ndio wanaopeleka mzigo sokoni." Kisha akaniambia sheria ambayo mpaka leo naiona ya ajabu: pasi ya mkono hairuhusiwi kwenda mbele. Ukitaka kusogea mbele ukimbie na mpira mwenyewe, au uupige teke. Vinginevyo mtu wa kumpa lazima awe nyuma yako au sambamba na wewe. Nilicheka sana. Mchezo gani huo, kwenda mbele kwa kurudisha mpira nyuma?

Sasa, Springboks huwa wanaanza mechi zao za kimataifa mwezi wa saba, kwa hiyo pale kibandani ubishi umeshapamba moto. Nani apewe namba 10, nani akae pembeni. Ijumaa ile niliyotoka ghalani nikawakuta tayari wamechafukwa: bro mwenye kibanda, fundi redio wa jirani, na mama ntilie anayeuza maharage mlangoni, ambaye hajawahi kukaa mechi ikaisha lakini ana maoni kuliko sisi wote.

Mama ntilie mtu wake ni Cheslin Kolbe. Anamwita "yule mdogo wangu". Na kwa kweli ni mdogo. Urefu mita 1.71 hivi, kwenye mchezo ambao mtu wa kilo 100 anaitwa wa kawaida. Amezaliwa Oktoba 1993, akakulia Kraaifontein, nje kidogo ya Cape Town. Binamu yake ni Wayde van Niekerk, yule aliyekimbia mita 400 kwa sekunde 43.03 kule Rio mwaka 2016 akavunja rekodi ya dunia. Michezo hiyohiyo ya Rio, Kolbe naye alirudi na shaba ya raga ya watu saba. Pamoja na hayo yote, kwao walimwona mdogo mno kwa raga ya watu kumi na tano. Mwaka 2017 akafungasha akaenda Toulouse, Ufaransa. Mwaka uliofuata Springboks wenyewe wakamwita.

Mimi kilichonimaliza kwa Kolbe si mbio zake. Ni kitu alichofanya Oktoba 15, 2023, robo fainali ya Kombe la Dunia dhidi ya Ufaransa, Paris. Ukifunga trai unapata pointi tano, halafu unapewa nafasi ya kupiga mpira upite kati ya milingoti uongeze mbili. Wapinzani wanasubiri kwenye mstari wao wa goli, na wengi wanasimama tu mikono kiunoni wakihema. Kwa sheria, mpigaji akianza kusogea unaruhusiwa kumkimbilia. Nani anajisumbua? Thomas Ramos akaanza hatua zake, Kolbe huyo, katoka mbio kama mwizi wa kuku, akauzuia mpira kwa mikono. Zile pointi mbili zikafa palepale. Mechi ikaisha Afrika Kusini 29, Ufaransa 28. Piga hesabu mwenyewe.

Wiki mbili baadaye, fainali na New Zealand, mtu huyohuyo akapewa kadi ya njano dakika ya 73. Akakaa kwenye kiti cha adhabu, akavuta jezi akajifunika uso mpaka mwisho. Hakuweza kuangalia. Siku ile mama ntilie naye alijifunika khanga pale mlangoni, nadhani kwa kumwonea huruma. Matokeo 12 kwa 11, kombe likabaki.

Fundi redio yeye kila siku ni Faf de Klerk, namba 9, mwenye nywele ndefu za dhahabu kama sabuni ya tangazo. Naye mfupi tu. Kazi ya namba 9 ni kuuchomoa mpira kutoka kwenye lile rundo la watu na kuurusha nyuma kabla hajakanyagwa. Lakini fundi hamsifii kwa pasi. Anamsifia kwa sababu baada ya fainali ya 2019 kule Japan, Prince Harry wa Uingereza aliingia chumba cha kubadilishia nguo kuwapa pongezi waliomfunga, na Faf akampokea akiwa na chupi tu, yenye rangi za bendera ya Afrika Kusini. Bia mkononi. Wakapiga picha, dunia nzima ikaona. Fundi anasema huo ndio uhuru kamili. Mimi sina la kuongeza.

Ubishi wenyewe hasa upo kwenye namba 10. Huyu ndiye dereva. Yeye anaamua mpira urushwe, upigwe au ubebwe, na mara nyingi ndiye anayepiga penalti.

Yupo Handré Pollard. Huyu hana mambo mengi, sura yake muda wote kama mtu anayesubiri basi. Fainali ya 2019 alifunga pointi 22. Kombe la 2023 mwanzoni hakuwepo kabisa kikosini kwa sababu ya kuumia mguu, akaitwa katikati ya mashindano baada ya Malcolm Marx kuumia. Nusu fainali akapiga penalti kutoka karibu na katikati ya uwanja, dakika ya 77, England wakalala 16 kwa 15. Fainali, pointi zote 12 za Springboks zilitoka mguuni kwake. Mtu wa namna hiyo utambishia nini?

Yupo na huyu mtoto wa juzi, Sacha Feinberg-Mngomezulu, aliyezaliwa Februari 2002. Alisoma Bishops, shule ya wenye nazo pale Cape Town, na anacheza kama mtu ambaye hajawahi kuambiwa hapana. Septemba 27, 2025, Durban, dhidi ya Argentina, alifunga peke yake pointi 37 katika ushindi wa 67 kwa 30. Trai tatu humohumo. Hakuna Springbok aliyewahi kufunga nyingi hivyo katika mechi moja. Vijana wote wa kibandani wanamtaka yeye, na mimi nikiwa na akili timamu ningemtaka yeye.

Lakini mtu wa bro, miaka yote, ni Manie Libbok.

Usicheke. Libbok ametokea Humansdorp, mji mdogo wa Eastern Cape. Ana mikono ya kichawi. Septemba 10, 2023, Marseille, dhidi ya Scotland, alipiga mpira kwa mguu ukavuka uwanja ukamkuta Kurt-Lee Arendse pembeni akafunga trai, na Libbok alikuwa anaangalia upande mwingine kabisa! Tuliruka mpaka benchi likavunjika mguu. Tatizo lake ni moja, akisimama kupiga penalti roho inakutoka. Siku kumi na tatu baadaye Springboks walifungwa na Ireland 13 kwa 8, na pointi zilizopotea kwenye mateke zilitosha kugeuza meza. Si yeye peke yake aliyekosa, Faf naye alikosa, lakini lawama unajua zinapenda kulala nyumba ipi.

Halafu ikaja ile nusu fainali na England. Dakika ya 31, kipindi cha kwanza hakijaisha, hajaumia popote, ubao ukanyanyuliwa. Libbok nje, Pollard ndani. Ulimwengu mzima unatazama. Nakumbuka kibandani vijana walishangilia, na bro akageuka akawakata jicho. "Mnashangilia nini? Mwenzenu anatolewa mbele ya mama yake."

Isitoshe, Septemba 21, 2024, kule Santiago del Estero, Springboks wako nyuma kwa pointi moja, wakapata penalti mwishoni. Nani kapewa? Libbok. Akakosa. Argentina 29, Afrika Kusini 28. Mimi ningekuwa yeye ningeomba kazi ya kuuza nyanya. Lakini kocha Rassie Erasmus hakumtupa, mpaka mwaka 2025 alikuwa bado anamwita na kumpa jezi ya kijani.

Ijumaa ile ubishi ulipofika hapo, fundi akasema Libbok ni mzigo, watu wanabebwa tu. Bro akajibu kwamba na yeye Durban alibebwa. Alifukuzwa kibarua mara tatu, na mara zote kuna jamaa mmoja wa Kizulu aliyempa tena pa kulala. Sikuwahi kumsikia akisema habari za kulala kwake Durban. Tukanyamaza kidogo. Mama ntilie akauliza kama kuna anayetaka ukoko.

Nadhani ukimya ule ndio ulionifanya nimtaje Mapimpi.

Mpenzi msomaji, Makazole Mapimpi alizaliwa Julai 1990 kijijini Tsholomnqa, Eastern Cape. Hakupitia zile shule kubwa zinazotengeneza Springboks kama kiwanda cha soda. Alikuwa mtoto wa shule za huko huko kijijini. Akafiwa na mama, akafiwa na dada, akafiwa na kaka. Raga ya mkoani ndiyo iliyomvuta taratibu, na mwaka 2018 ndiyo akaichezea Springboks kwa mara ya kwanza, akiwa karibu anatimiza miaka 28. Wenzake umri huo wanakuwa tayari wanahesabu nyumba.

Kombe la Dunia la 2019, namba za mgongoni za jezi za Springboks zilikuwa zimejazwa picha ndogondogo. Kwa mbali unaona namba tu, ukisogea unaona sura za watu. Kila mchezaji alitakiwa kutoa picha za wale anaowachezea, wazazi, mke, watoto. Mapimpi akaleta picha zake mwenyewe. Erasmus ndiye aliyeisimulia habari hii kwenye filamu ya Chasing the Sun ya mwaka 2020. Alipomuuliza mbona umejiweka wewe tu, jibu likawa kwamba wa kuweka hana, wamekwisha.

Na mwanamume akaingia fainali na mgongo huo. Novemba 2, 2019, Yokohama, huku kwetu saa sita mchana. Afrika Kusini walishabeba kombe mara mbili, 1995 na 2007, lakini hawajawahi kufunga trai hata moja kwenye fainali. Dakika ya 66 Mapimpi yuko pembeni kushoto na mpira. Akaupiga teke dogo ukawaruka Waingereza. Ukadunda, ukamkuta Lukhanyo Am, namba 13, mtoto wa Eastern Cape mwenzake na mchezaji mwenzake pale Sharks ya Durban. Am yuko na mpira mkononi, mstari uko mbele yake. Angeweza kujaribu mwenyewe, jina lake likaingia kwenye vitabu. Hakugeuza hata shingo. Alijua tu kwamba nyuma ya bega lake la kushoto yuko Mapimpi, akaupeleka huko. Mapimpi akaweka chini. Trai ya kwanza ya Afrika Kusini katika fainali ya Kombe la Dunia. Kolbe akaongeza ya pili baadaye, wakamaliza 32 kwa 12.

Siku hiyo kibandani tulikuwa watu watano, wawili wamelala. Nilikuwa sijui habari ya picha, nilishangilia kwa sababu bro alishangilia.

Basi nikawasimulia fomu yangu. Nilidhani nasimulia kichekesho. Nikaiga sauti ya yule dada, "tukupigie wewe mwenyewe?", fundi akacheka mpaka akakohoa. Bro hakucheka. Akanyoosha mkono. "Iko wapi?"

Nikaitoa mfuko wa nyuma, imejikunja na ina jasho. Akachukua kalamu anayoandikia wadaiwa, akafuta jina langu mstari wa kwanza, akaandika lake. Pale penye "uhusiano" akafikiri kidogo, akaandika "kaka". Sisi si ndugu. Yeye ni Mngoni, mimi Mnyamwezi, kwa utani wangetuzika siku moja, lakini ndugu hapana.

Mstari wa pili bado una jina langu. Mama ntilie alikuwa ameshaweka sufuria chini. "Hapo niandike mimi. Ukifa na deni langu la maharage nitamdai nani?" Akataja namba yake tarakimu moja moja, bro anaandika. Uhusiano? "Andika mama mdogo," akasema, akarudi kwenye jiko lake, kama mtu aliyeulizwa bei ya chapati.

Jumatatu nikairudisha. Yule dada akaisoma tena, akagonga muhuri, akasema tutawapigia.

Mpaka naandika hapa hawajapiga. Sasa tabu imekuwa kwa bro. Simu yake ambayo zamani ilikuwa inazimika chaji kila jioni, siku hizi inashinda kwenye soketi ya televisheni. Juzi usiku saa tano akanigongea dirisha. "Dogo, kuna namba siijui imenipigia nikakosa kupokea. Si wale?" Nikamwambia bro, ghala gani linapiga simu saa tano za usiku, tena hawa ni wa kupigia ukipatwa na tatizo, kazi wataniita mimi. Akasema huwezi jua. Tukapiga pamoja, spika wazi, tumesimama gizani. Alikuwa muuza mbao wa Buguruni, amekosea namba.

"Basi," bro akasema. "Kalale. Kesho uje unisaidie kupigilia lile benchi, msimu unaanza."